Aina ya Neno Iamuliwe na Sentensi

Wapo wenzetu wanaoshikilia kuwa kila neno huzaliwa na aina yake wala halitoki humo katu. Hao na walitazame neno la Kihispania "bajo" (hutamkwa baho). Katika "hombre bajo", yaani mwanamume mfupi, neno hilo ni kivumishi. Litangulize "el", nawe umepata nomino: gitaa la besi, au sauti nzito ya mwimbaji. Naye anayeteremka ngazi husema "bajo", maana yake "ninashuka", kitenzi kilichokamilika. Kana kwamba hayo hayatoshi, "bajo la mesa" ni chini ya meza. Hapo ni kihusishi!

Mhispania habaabaiki. Ile "-o" ya mwisho huonyesha jinsia ya kiume katika kivumishi, na nafsi ya kwanza umoja katika kitenzi. Mlete mwanamke, kivumishi kitakuwa "baja". Mtendaji akiwa wewe, kitenzi kitakuwa "bajas". Kihusishi hakibadiliki abadani.

Kwetu, viambishi awali huondoa utata mwingi, kwani "mfupi" hawezi kudhaniwa kuwa "ninashuka". Lakini si wote. "Mtoto mfupi" ana kivumishi. "Mfupi amefika" ana nomino. Na "paa" je? Ni la nyumba, ni mnyama wa porini, au ni amri kwa ndege arukaye? Swali la mtihani linalotaka aina ya neno kama hilo likiwa pweke linamwonea mtahiniwa. Mtahini aandike sentensi kwanza, ndipo adai jibu.