Kabla hujanunua mota kubwa zaidi

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na tovuti, niseme kidogo kuhusu mashine yangu ya CNC, ile ya kuchonga mbao niliyoiunda nyumbani. Najua baadhi yenu mnajenga au mnatamani kujenga moja. Nina ombi moja kwenu: msikimbilie mota kubwa.

Kisa ni hiki. Fundi seremala tunayefahamiana aliniletea ubao wa mvule, ule wa kichwani mwa kitanda cha maharusi, nimchongee maua. Kazi ya saa mbili. Karibu na mwisho nikasikia mkwaruzo, krrr, mara moja tu, kisha mashine ikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kwenye skrini kila namba ilikuwa sawa. Lakini maua yote yaliyofuata yalikuwa yamehama kando kwa milimita 3.2. Mvule si mti wa kuokota njiani. Ubao nililipa mimi, na aibu nikaibeba mimi.

Kila niliyemweleza alinipa jibu lile lile: mota ni ndogo, nunua kubwa. Kilichonizuia ni mfuko mtupu. Leo naushukuru ule mfuko.

Sisi watu wa programu tumezoea kwamba ukiita kazi fulani, itakurudishia jibu au kosa. Mota ya hatua, ambayo wengine huiita stepa, hairudishi chochote. Ile ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Kompyuta hutuma pigo, draiva husukuma umeme, na mota inatarajiwa kusogea. Isiposogea, hakuna anayejua. Namba unayoiona kwenye skrini ni hesabu ya amri zilizotumwa. Mahali biti ilipo hasa, mashine haijui.

Sasa tazama ile milimita 3.2. Skrubu yangu husogeza mhimili milimita 8 kwa kila mzunguko, hivyo hatua moja kamili ni milimita 0.04. Mota ya aina hii ikizidiwa haipotezi hatua moja tu. Hutelezea hatua nne, au mara kadhaa ya nne, kwa sababu hapo ndipo sumaku zake zinapolingana tena. Hatua nne ni milimita 0.16, na 0.16 mara 20 ni 3.2. Huo si ushahidi kamili, lakini ukijumlisha na ule mkwaruzo, nilijua ni nani wa kumhoji.

Mhimili uliohama ni Y, ambao kwangu hubeba daraja zima, pamoja na Z na mota ya kukatia. Mashine yangu inaendeshwa na Grbl, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway. Humo kuna mpangilio wa $121, ambao ni mchapuko wa mhimili wa Y: kasi inavyopanda kila sekunde. Nilikuwa nimenakili 500 kutoka kwa mashine ya mtu mwingine, bila kufikiri.

Tupige hesabu. Kasi yangu ya juu ni milimita 1500 kwa dakika, sawa na 25 kwa sekunde. Kwa mchapuko wa 500, lile daraja zito linatakiwa kuifikia kasi hiyo ndani ya sekunde 0.05. Nikiushusha hadi 150, linapata sekunde 0.17, zaidi ya mara tatu. Mzigo ni ule ule, lakini mota inahitaji theluthi moja tu ya nguvu ya kuuchapusha. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, nadhani walishauona mhimili wa Y.

Nikachora alama kwa penseli, nikaupeleka mhimili mbele na nyuma mara 50 kwa kasi ya juu. Kwa 500 haukurudi kwenye alama. Kwa 150 ulirudi. Kazi ya saa mbili imekuwa ya saa mbili na robo. Gharama: sufuri.

Je, mota kubwa ingesaidia? Pengine, lakini pengine ingeharibu zaidi. Nguvu ya stepa hupungua kadiri inavyozunguka kwa kasi, kwa kuwa koili zake huchelewesha umeme usibadilike upesi. Mota kubwa mara nyingi ina koili zinazochelewesha zaidi na rota nzito zaidi. Ukiiunganisha kwenye draiva na pawa saplai zile zile, unaweza kupata nguvu ukiwa umesimama na udhaifu ukiwa mbioni. Ndiyo maana kutoka volti 12 kwenda 24 au 36, ikiwa draiva inaruhusu, mara nyingi ni hela iliyotumika vizuri kuliko kubadilisha mota.

Lakini hela ya kwanza kabisa ningeitumia kwenye swichi za mwisho wa mhimili. Hapa kwetu stima hupotea bila hodi, na ikipotea, mashine husahau ilipo. Ikiwa na swichi, itarudi pembeni, iziguse, na kujua tena sifuri yake. Kidokezo: weka sifuri ya kazi kwa G54, si G92. Grbl huhifadhi G54 hata stima ikipotea; G92 hufutika.

Kuna wanaosema dawa ni mota zenye kisoma-nafasi, ambazo hutambua zikiteleza na kusimamisha kazi. Ni kweli, zingeweza kuuokoa ubao wangu, na karakana inayofanya kazi kila siku izinunue. Lakini mchapuko ukiwa mbovu, zitakachofanya ni kukusimamishia kazi kila mara. Hesabu bado utaipiga.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: mchapuko, swichi, volti, na mota mwisho kabisa. Ubao wa pili ulitoka safi, na maharusi hawajui lolote kuhusu ule wa kwanza. Umekatwa vibao vya kukatia mboga, uko jikoni kwangu, na kila nikikata sukuma naiona ile milimita 3.2.