Kabla ya kukata paa la gari, piga hesabu kwanza

KIJANA mmoja wa mtaani kwetu, Tabata jijini Dar es Salaam, alinunua Toyota Celica ya milango miwili, mtumba kutoka Japani. Gari lilikuwa zuri na limetunzwa. Haikupita miezi minne akaanza kulalamikia paa. Alitaka paa la kutoa na kurudisha: jioni akipita ufukweni alitoe, mvua ikianza alirudishe. Akazungumza na fundi bodi wa jirani, wakakubaliana bei, na Jumamosi moja grainda ikawashwa nyuma ya nyumba chini ya mwembe.

Kazi ya kukata ilimalizika kabla ya saa sita mchana. Jioni walipoliteremsha gari kutoka kwenye magogo likakaa kwa matairi yake, mlango wa dereva ukakataa kufunguka. Wakaweka jeki chini ya ubavu wa gari, katikati, wakapandisha kidogo, mlango ukafunguka. Wakateremsha, ukabana tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe changu cha chai kama watu wengine wote wa mtaa, na nilichokiona ndicho kinachonifanya niandike leo.

Ndugu msomaji, chukua boksi la viatu, lishike ncha mbili ulipinde. Litagoma. Sasa toa kifuniko ulipinde tena. Gari dogo la kisasa ni boksi la namna hiyo. Halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na mizigo, na paa ni kifuniko kinacholifanya boksi liwe gumu. Ukilitoa, uzito wote unahamia kwenye sakafu na kwenye zile kingo za chini ya milango. Gari likiwa limeshikiliwa na matairi mbele na nyuma, katikati linazama. Nguzo ya kioo cha mbele inaegemea nyuma, nguzo ya nyuma ya mlango inaegemea mbele, na mlango unabanwa juu. Hapo bado gari limesimama. Likianza kupita kwenye mashimo yetu, linajipinda kila tairi moja linapoingia shimoni, na baada ya muda kioo cha mbele kinapasuka bila kupigwa na jiwe.

Wapo watakaoniuliza, mbona Arusha wanakata mapaa ya magari kila siku na watalii wanasimama humo wakipiga picha simba? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linalowapotosha mafundi wengi wa mijini. Land Cruiser ile ya kazi, pamoja na Land Rover za zamani za aina ya Defender, zina chasisi ya chuma iliyolala chini kama ngazi, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Mzigo unabebwa na ngazi. Paa pale kazi yake kubwa ni kuzuia mvua na jua, kwa hiyo fundi anaweza kulifungua, akaliwekea nguzo za kulinyanyua, na gari likaendelea kwenda Serengeti na kurudi. Hata hao wa Arusha wanapolirefusha gari ili liingie viti zaidi, kwanza wanairefusha na kuiimarisha chasisi, ndipo wanagusa bodi. Fundi aliyeona kazi hiyo akadhani atairudia kwenye Celica, Nissan Fairlady au Toyota Supra, ameona mkato lakini hakuona kilichokuwa chini yake.

Hili si tatizo la gereji za uchochoroni peke yake. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipokuwa ikiandaa Chevrolet Corvette ya mwaka 1968, gari ambalo lina hata fremu yake chini, wahandisi walitaka paa lote la juu ya viti litoke. Bodi ikawa inajipinda. Mwisho wakaacha mhimili mmoja katikati, kutoka kioo cha mbele hadi nyuma ya viti, na paa likawa vipande viwili vya kutoa. Porsche nao walipoonyesha 911 Targa mwaka 1965, waliacha upinde mpana wa chuma nyuma ya viti, kwa sababu ya usalama gari likipinduka. Sasa jiulize: kama kampuni zenye maabara na wahandisi wa kila aina ziliacha mhimili au upinde, fundi wetu mwenye grainda moja na mashine ya kuchomelea anapata wapi ujasiri wa kuondoa vyote?

Sisemi kwamba kazi hii haiwezekani. Inawezekana, na ni biashara halali. Hizo Celica za paa la kitambaa zilizouzwa miaka ya 1980 na 1990 zilianza zikiwa na paa la chuma; Toyota ilizipeleka kwa kampuni ya ASC huko Marekani, ikazikata na kuziimarisha. ASC ilianzishwa mwaka 1965 mjini Los Angeles na kijana mhamiaji kutoka Ujerumani, Heinz Prechter, ambaye alianza kwa kutoboa mapaa na kuweka madirisha ya juu. Kutoka kutoboa mapaa hadi kupewa kazi na Toyota ni safari ndefu, na sioni kwa nini mafundi wa Gerezani au Keko wasianze ya kwao. Lakini waianze mahali panapostahili.

Kwanza, kabla ya grainda kugusa kitu, gari linawekwa sawasawa kwa pima maji, na ndani ya kila mlango vinachomelewa vyuma vya muda, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili vipimo visihame. Kila nafasi kati ya mlango na bodi inapimwa na kuandikwa. Pili, nguvu inaongezwa chini kabla ya kupunguzwa juu. Kingo za chini ya milango zinatiwa chuma kinene cha boksi ndani yake, na kingo hizo mbili zinaunganishwa kwa vyuma vinavyopita sakafuni. Mabomba mepesi wanayotengenezea mageti hayafai hapa. Fremu ya kioo cha mbele nayo inaongezewa nguvu, na upinde wa nyuma ya viti hauguswi kabisa, kwani hata mkanda wa dereva umefungwa kwenye nguzo yake. Hayo yote yakiisha, ndipo inakatwa ile sehemu ya juu ya viti. Anayeacha mhimili wa katikati kama wa Corvette anajipunguzia nusu ya matatizo.

Halafu linakuja suala ambalo wengi hawalifikirii hadi masika yafike. Magari mengi ya namna hii milango yake haina fremu ya kioo. Kioo kikipanda kinagandamiza raba iliyo kwenye ukingo wa paa. Ukiondoa ukingo umeondoa na raba. Paa jipya la faibaglasi lazima lije na raba zake, mifereji ya kutoa maji, na makomeo manne ya kulishika gari likiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Paa lililong'oka barabara ya Morogoro likamwangukia mwenye pikipiki ni kesi ya jinai.

Kwa magari ya karibuni ninasema wazi: msikate. Mengi yana mifuko ya hewa iliyofichwa kwenye kingo za paa, juu ya milango, pamoja na vifaa vinavyolipuka kuijaza. Hicho si kitu cha kusogelea na grainda.

Tuje kwenye fedha, maana ukurasa huu ni wa biashara. Mwenye gari huwa anaulizia bei ya kukata. Fundi naye, akiogopa kumpoteza mteja, anamtajia bei ya kukata. Wote wawili wamekwepa sehemu ghali, yaani chuma cha chini, raba, faibaglasi na rangi. Baada ya hapo kuna kadi ya gari, ambayo inataja aina ya bodi, na kuna bima. Uliyekata bima kubwa ya gari lenye paa la chuma kisha ukalibadili bila kuiarifu kampuni, usishangae siku ya ajali ukiambiwa gari lililogongwa silo waliloliwekea bima.

Na kuna bei ya kuuzia. Huko kwa matajiri, Ferrari 365 ya aina ya Daytona ilitengenezwa kiwandani ikiwa wazi kwa idadi ya magari 122 tu. Kwa kuwa yaliyo wazi yalikuwa adimu na ghali, wenye Daytona za paa la chuma wakazipeleka kukatwa, baadhi kwa mafundi hodari kabisa wa California. Leo wanunuzi wanaulizia namba ya bodi kwanza. Daytona iliyozaliwa wazi inauzwa zaidi ya mara mbili ya ile ya paa, na iliyokatwa haifikii bei hiyo hata ikiwa imekatwa kwa ustadi. Kama soko la Ferrari liko hivyo, dalali wa magari pale Kinondoni atakuwa mkali zaidi kwa Celica iliyokatwa chini ya mwembe.

Ushauri wangu kwa anayetaka upepo kichwani ni kwamba aamue wakati wa kuagiza. Japani walitengeneza Supra ya miaka ya 1990 yenye paa la kutoa, Toyota MR2 na Nissan Fairlady zenye vipande viwili vya vioo, na Honda CR-X ya mwaka 1992 ambayo paa lake linawekwa kwenye buti. Ni kweli magari ya umri huo yanatozwa kodi ya uchakavu, na raba zake huenda zimekauka. Lakini raba inaagizwa na kubadilishwa.

Yule kijana wetu wa Tabata amempata fundi mwingine, mzee aliyewahi kuunda bodi za mabasi. Mzee alilizunguka gari mara mbili bila kusema kitu, akalala chini akatazama sakafu, kisha akataja bei yake. Ilikuwa kubwa kuliko bei ya kutafuta paa zima la Celica nyingine iliyopata ajali na kulichomelea mahali pake. Kijana ameomba apewe wiki moja afikirie. Gari limefunikwa turubai.