Barua ya Kesses Isiyofunguka

Swali linalokariri kutufikia kila wanafunzi wapya wanapoitwa vyuoni ni hili: barua ya mwanangu imekwisha kupakuliwa, mbona haifunguki?

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa mwaka 1984, kina makao yake makuu Kesses, kusini ya Eldoret. Kutoka Mombasa hadi huko ni karibu kilomita 800, na hapana mzazi atakayepanda basi kwenda kuuliza habari za karatasi. Zamani barua ilikuja kwa posta. Siku hizi mtoto huingia katika tovuti, huandika namba yake ya mtihani, akaipakua mwenyewe. Ndani yake mna siku ya kuripoti na karo inayotakiwa, na siku hiyo haimngoji mwenye simu mbovu.

Kwanza ifahamike kuwa kuliona jina la faili si kuwa nayo. Bando likikatika katikati, hubaki kipande tu. Katika kompyuta, Chrome hukipa kipande hicho mwisho wa crdownload, na Firefox hukipa mwisho wa part. Katika simu, tazameni ukubwa wake. Ikiwa ni sufuri, hapana barua hapo. Ifuteni, hakikisheni simu ina nafasi, kisha mpakue upya.

Lililo gumu zaidi ni faili iliyotimia lakini ikakataa. Barua za jinsi hii aghalabu huwa PDF, muundo uliobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 umekuwa kigezo cha kimataifa. Faili ya kweli ya PDF huanza kwa herufi %PDF. Ifungueni kwa programu ya maandishi matupu. Mkikuta neno html pale juu, basi mlichopakua si barua, bali ni ukurasa wa tovuti uliovishwa jina la barua. Hutokea hivi: mtoto ameingia, akaiacha simu akaenda jikoni, muda wake ukaisha, na alipobofya akapewa ukurasa wa kumtaka aingie tena, ukahifadhiwa kwa jina lile lile. Hata mkinunua simu mpya, faili hiyo haitafunguka. Dawa yake ni kuingia upya na kupakua papo hapo.

Pengine kivinjari huzuia dirisha jipya ambamo barua ingetokea, nanyi mkadhani tovuti imelala. Ruhusuni madirisha hayo kwa tovuti hiyo peke yake. Na kiungo mlichokifungulia ndani ya Facebook kihamisheni kwenye kivinjari kamili.

Ama faili yenye mwisho wa docx, kivinjari hakiionyeshi. Kila mkibofya huipakua tena, hata mkaona (1), (2), (3) zimejipanga. Hiyo yataka Word au programu nyingine ya nyaraka. Na ikiwa faili inaomba neno la siri, si mbovu. Imefungwa kwa makusudi, na aliyeituma ndiye mwenye ufunguo. (Wako mafundi ambao kwa kila shida hukimbilia kuifuta simu nzima. Mkatalieni.)

Tahadharini na mtu asiyejulikana anayejitolea kuwatumia "barua inayofunguka" kwa WhatsApp. Jina likiishia kwa apk, hiyo ni programu ya simu wala si waraka, na yaweza kusoma jumbe zenu, zikiwemo za pesa. Msiiguse.

Mkilazimika kwenda saiba, nendeni pamoja na binti, naye aandike neno lake la siri kwa mkono wake. Kabla ya kuondoka atoke katika akaunti, kisha aifute barua na nakala ya cheti cha kuzaliwa katika folda ya kupakulia, na katika pipa la taka pia. Kompyuta ile ataikalia mtu mwingine baada ya dakika tano, naye si maharimu wala si jirani.

Barua ikifunguka, isomeni hadi ukurasa wa mwisho, kwani fomu ya daktari na nyinginezo mara nyingi huambatishwa huko. Chapisheni nakala mbili huku huku Pwani, moja ya mkobani na moja ya kubaki nyumbani, na koti zito lisisahauliwe: Kesses kuna baridi.