Mto Ukinyimwa Njia, Huja Mlangoni kwa Maskini



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya chanjo, lishe ya watoto, malaria na uzazi salama. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya mito, mabonde, miti na viwanja. Huenda mtu akauliza: mambo haya yanamhusu nini muuguzi? Yanatuhusu sana. Mvua kubwa inaponyesha mjini, sisi wauguzi tunajua mapema watoto wenye kuharisha na homa watatoka mitaa gani. Hawatoki mitaa yote sawasawa. Wanatoka bondeni, kando ya mto, na mitaa ambayo mfereji wake umeishia njiani. Dawa tunawapa, wanapona, wanarudi palepale. Mvua ikinyesha tena, nao wanarudi kwetu.

Maoni yetu ni haya: ardhi inayoachwa kwa ajili ya maji, miti na hewa ni sehemu ya afya ya mji, kama ilivyo zahanati. Na ardhi hiyo haina budi kugawanywa kwa haki, ili asiwepo mwenye kupata kivuli peke yake na mwingine mwenye kupata mafuriko peke yake.

TUJIFUNZE KWA DAR ES SALAAM

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mji umeongezeka hivyo katika maisha ya mtu mmoja, lakini mabonde ya kupitisha maji hayakuongezeka. Yamepungua.

Tuutazame Mto Msimbazi. Mto huu huanzia kwenye vilima vya Pugu, mahali ambapo Wakatoliki wengi wanapafahamu, kwa maana ndipo wamisionari Wabenediktini walipofungua misheni yao ya kwanza mwaka 1888. Kutoka huko hushuka, hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na daraja la Salenda, penye mikoko. Zamani mvua ikinyesha juu, maji yalikutana na msitu, nyasi na udongo wenye kunywa. Leo yanakutana na mabati, sakafu na lami. Hayana pa kuingia, basi yanakimbia. Yanazoa mchanga na takataka, yanajaza mto, na mto uliojaa mchanga hautoshi tena kubeba maji yake wenyewe.

Mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 katika jiji hilo na kuwaacha maelfu bila makao. Mafuriko yamerudi tena mara nyingi, yakiwemo ya 2014 na 2018, na kila mara barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani.

UDONGO UNAVYOTUKINGA

Tueleze kidogo mambo haya yanavyoingia mwilini mwa mtoto. Mitaa mingi ya bondeni hutumia vyoo vya shimo. Maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye vichochoro. Mvua ikija, wengine hutapisha vyoo, yaani hutoboa shimo na kuacha uchafu uende na maji. Uchafu huo hufika kisimani na kwenye bomba lililopasuka. Hapo ndipo huanza kuharisha, homa ya matumbo na kipindupindu. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilisambaa karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na kufikia 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000.

Kuna na magonjwa mengine. Mkojo wa panya ukichanganyika na maji ya mafuriko huleta homa ya mgunda, ile iliyowashtua watu huko Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi huzaa mbu wa homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mashimo ya vyoo yaliyojaa maji huzaa mbu wanaoeneza matende na mabusha.

Sasa tulinganishe na ukingo wa mto wenye nyasi, matete na miti. Mizizi hushika udongo usimomonyoke. Majani na matete hupunguza mwendo wa maji, na maji yaliyopunguziwa mwendo huacha mchanga na kupata muda wa kuzama ardhini. Mikoko mdomoni mwa mto hupunguza nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo hukulia katika mizizi yake. Mti mmoja wa mwembe au mkungu hupoza ua kuliko bati lolote, na wale wenye watoto wachanga katika vyumba vya bati wakati wa Januari na Februari wanajua tunalosema.

Tunasikia swali: je, sisi wauguzi si ndio tuliofundisha watu kufyeka majani ili kuondoa mbu? Ndiyo, fyeka nyasi ndefu karibu na nyumba, ili nyoka na panya wasipate maficho. Lakini mbu hazaliwi na mti. Mbu huzaliwa katika maji yaliyosimama. Mbu wa malaria hupenda vidimbwi vyenye kupigwa na jua, kama alama za matairi na mifereji iliyoziba. Mto unaotiririka wenye samaki hauzai mbu kama mfereji wa saruji uliojaa mifuko ya plastiki. Kwa hiyo kumwondoa mbu ni kuyapa maji njia, wala si kukata kila mti.

KIVULI KINA WENYEWE

Ukitembea katika miji yetu utaona kwamba miti haikugawanywa sawa. Hili lina historia. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi ya watu: Wazungu upande wa bahari penye bustani na upepo, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa ili kutenganisha Uhindini na mitaa ya Waafrika, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ni afya. Yaani uwanja wa majani ulitumika kuwa ukuta. Uhuru uliondoa sheria zile, lakini ramani ilibaki. Leo kinachoamua nani akae penye kivuli ni fedha.

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliliona jambo hili katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015. Alieleza kuwa katika miji mingi maeneo mazuri ya kijani yanapatikana pale wanapokaa wenye uwezo, na hayapatikani kule wanakokaa wale ambao jamii imewasahau. Kwake, mateso ya dunia na mateso ya maskini ni jambo moja. Sisi tunaofunga vidonda tunakubaliana naye.

WAHAMISHWE, LAKINI WASITUPWE

Hapa tunafika penye ugumu, nasi hatutaki kuukwepa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Sheria hii ni nzuri kwa afya. Mto lazima urudishiwe bonde lake, na hakuna muuguzi atakayemwambia mama aendelee kulala na watoto mahali ambapo maji yatawafuata usiku.

Lakini sheria ikikumbuka nyumba ya tope tu, na kusahau ghala na kiwanda vilivyo kwenye ukingo uleule, hiyo si haki. Tena mtu hakukaa bondeni kwa kupenda maji. Alikaa kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na kazi ya kubeba mizigo, kuuza mboga au kufua iko karibu. Baada ya mafuriko ya 2011 Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Ilikuwa nia njema. Hata hivyo wako waliorudi bondeni, kwa kuwa kule walikopelekwa palikuwa mbali mno na riziki. Ukimhamisha mtu mbali na riziki yake, umembadilishia ugonjwa tu: umemtoa kwenye kipindupindu, umempeleka kwenye njaa.

Mwaka 2018 Serikali, wataalamu na wakazi walikaa pamoja kutafakari bonde la Msimbazi, na mpango uliotokana na vikao hivyo ukatolewa mwaka 2019. Mpango huo unataka mto upewe nafasi, mchanga uzuiwe huko juu, miti ipandwe, na bonde la chini liwe bustani ya jiji ambayo inaweza kufurika bila kuua mtu. Benki ya Dunia ilikubali kuufadhili mwaka 2022. Sisi tunaunga mkono mpango wa namna hii, kwa sababu unafanya kazi pamoja na maji badala ya kupigana nayo.

Nao wenzetu wa Beira, Msumbiji, wameonyesha kuwa inawezekana. Mto wao Chiveve ulikuwa umezibwa na takataka na udongo. Kwa msaada wa Ujerumani, na baadaye wa Benki ya Dunia, ulichimbuliwa, mikoko ikapandwa, na mahali pake pakawa bustani ya watu wote katikati ya mji. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwezi Machi 2019 madhara yalikuwa makubwa sana, kwani hakuna bustani inayozuia upepo wa namna ile. Lakini mto ule uliofunguliwa ulisaidia maji kutoka mjini.

Ila tunauliza swali moja kwa kila mpango wa namna hii: bustani ikiisha, nani atapumzika chini ya miti yake? Kama aliyefurika miaka yote amehamishwa, na ardhi ya pembeni imepanda bei mpaka mtoto wake hawezi kupanga chumba hapo, basi tumeuponya mto tukamwacha mgonjwa. Tunashauri mambo matatu: wapangaji wahesabiwe pamoja na wenye nyumba; makazi mapya yawe karibu na kazi, shule na zahanati; na kazi za kupanda na kutunza bustani wapewe kwanza wale waliotoka bondeni.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE

Mji wetu ungali unapimwa. Viwanja vinauzwa kila siku, na mabonde bado yanaonekana. Huu ndio wakati, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi:

1. Kabla ya kununua kiwanja, waulize wazee wa mahali maji hupita wapi wakati wa masika. Usikubali kuuziwa njia ya maji, hata kikiwa rahisi.

2. Usisakafie ua wote. Acha sehemu ya udongo na nyasi, panda mti wa matunda, na elekeza maji ya paa kwenye pipa lenye mfuniko au kwenye shimo la kokoto.

3. Usitapishe choo na usitupe taka mfereji. Unachokitoa kwako kinaingia kwa jirani aliye chini yako.

4. Kwenye ukingo wa mto acha matete, nyasi na miti ya asili. Usipande mikaratusi kwenye chemchemi, hunywa maji mengi.

5. Mikutano ya mtaa ni ya wote. WAWATA, UWAKA na VIWAWA wahudhurie, waombe kuona ramani, na waulize maeneo ya wazi yako wapi. Uwanja wa watoto ukiuzwa kimya kimya, aliyenyamaza naye ameuuza.

6. Jumuiya Ndogo Ndogo zitambue kaya zilizo kwenye hatari kabla ya mvua, na zipange mapema nani atapokea nani.

Neno la mwisho ni kwa parokia zetu. Kanisa lina ardhi, na mara nyingi iko mahali pa juu na pazuri. Siku hizi tunapenda kutandaza vitofali vya saruji kutoka lango hadi altare, na kukata miembe iliyopandwa na wamisionari ili magari yapate maegesho. Maji ya mapaa yetu makubwa yanateremka kwa waumini wetu walio chini. Tunaomba Halmashauri za Walei zilitazame jambo hili kwa unyofu. Kila parokia ichimbe mabwawa madogo ya kupokea maji ya paa, ibakize miti, na ifungue uwanja wake kwa watoto wa mtaa wasio na pa kuchezea, Wakristo na Waislamu.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 47, anasimulia maji yaliyotoka hekaluni na kuwa mto, na kila ulipofika ulileta uhai. Kando zake zote mbili ilikuwapo miti, na majani yake yalikuwa dawa. Maji yanayotoka katika nyua za makanisa yetu yanamfikishia jirani nini? Kila parokia iende ikayafuate mvua zijazo, ione yanaishia mlangoni kwa nani.