Kuni Si Kuni Tu



Kila vuli ikiingia huku Minnesota, magari ya mizigo huanza kupita katika mitaa yetu yakiuza kuni. Muuzaji ni mwenzetu, bei ni ya kindugu, na akiulizwa ni mti gani hujibu: "Kuni ni kuni tu, ndugu yangu." Kauli hii naipinga. Nyingi ya kuni hizo ni za elmu mbichi, zimeletwa na magome yake, na mnunuzi mara nyingi ni mgeni ambaye ndiyo kwanza anaikabili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Inashangaza kusikia maneno hayo kwa watu waliotoka kwetu. Nani kati yetu hakulelewa na mama au bibi aliyezijua kuni kwa majina? Mkoko ulisifiwa kwa moto wake mkali, ukachomea hata matanuri ya chokaa. Mnyaa haukuingizwa jikoni, kwani utomvu wake huumiza macho. Wazee wale hawakwenda chuo kikuu, ila hawakuchoma mti wasioujua. Sisi wenye shahada tumeuacha ujuzi huo uwanja wa ndege.

Basi tuujue elmu. Ukingo wa jani lake una meno madogo juu ya meno makubwa, na pale jani linaposhikana na kikonyo, upande mmoja umeshuka kuliko wa pili. Ikiwa majani yamekwisha, kata gome kwa kisu kikali. Elmu ya Marekani huonyesha matabaka meupe na ya kahawia yakipishana. Elmu nyekundu haina matabaka hayo meupe, na gome lake la ndani lina utelezi kama bamia. Ukitia shoka ukaona nyuzi zimesukana kama ukili, wala gogo halitaki kuachana, shaka imepungua.

Hapo ndipo wengine husema elmu haifai kitu, itupwe. Hao nao nawapinga. Fungu kamili la kuni linalouzwa hapa, lenye urefu wa futi 8, upana futi 4 na kimo futi 4, likiwa la elmu kavu hutoa joto la BTU milioni 20 hivi. Mwaloni unaushinda, lakini joto hilo si la kutupa. Kinachotakiwa ni mbinu. Usipige katikati ya gogo, kabari itazama na kukwama. Anzia pembeni, uchanje vipande kuzunguka ukingo hadi ubaki moyo. Kata magogo mafupi, na ukiweza kodi mashine ya haidroli, mshirikiane majirani. Siku za baridi kali gogo lililoganda hupasuka kwa urahisi zaidi.

Kisha subira. Karibu nusu ya uzito wa elmu iliyokatwa karibuni ni maji. Anayenunua kilo 1,000 amelipia kilo 500 hivi za maji, na kila kilo ya maji hayo itakula megajuli 2.5 hivi za joto ili igeuke mvuke. Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na inayofuata: moto hupoa, moshi hauungui wote, na masizi ya lami hugandamana ndani ya bomba la moshi. Siku masizi hayo yakishika moto, nyumba yenyewe ni ya mbao na watoto wamelala ghorofani. Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya vipago mahali penye upepo, zifunikwe juu tu, zikae kiangazi kizima na mara nyingi viwili, mpaka kipima unyevu kionyeshe chini ya asilimia 20. Kifaa hicho si ghali.

Limebaki gome. Ugonjwa unaoua elmu ni wa kuvu, na hubebwa na mbawakawa wanaozaliana chini ya gome la mti unaokufa au uliokufa karibuni. Ulionekana Ohio mwaka 1930, baada ya magogo kuletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya viwanda vya samani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aina kali zaidi ilifika Uingereza kwa magogo ya Kanada, ikaua zaidi ya miti milioni 25. Minnesota uliingia 1961. Angalieni: mara zote mbili uvamizi ulisafiri ndani ya magogo yenye magome, kama yale yanayopakiwa katika gari la mwenzetu.

Watakaosema, "mti umeshakufa, gome lake linamdhuru nani?" wajue kwamba mbawakawa wachanga hutoka majira ya kuchipua wakiwa wamebeba mbegu za kuvu, wakaruka hadi mti mzima wa jirani. Ndiyo maana miji kadhaa ya jimbo hili inakataza kuweka kuni za elmu zenye magome. Sheria hiyo haikutungwa kumwonea mgeni. Bandua gome, na mbawakawa hana pa kuzalia. Mti uliosimama mkavu hadi gome likadondoka lenyewe ni salama, na kuni zake ziko karibu kuwa tayari.

Kwa hiyo nawataka wauzaji wetu watatu kati ya mambo yote: taja mti, bandua gome, sema kuni zilipasuliwa lini. Mbichi iuzwe kwa bei ya mbichi. Nanyi wanunuzi, ulizeni kabla ya kulipa, wala msione haya kwa sababu muuzaji ni wa nyumbani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wetu hapa wamebakiwa na elmu chache. Tusiwe sisi wa kuwapelekea maradhi mlangoni, tena kwa bei ya kindugu.