Kaunti ya Mombasa ilipewa mifereji bila chemchemi

KATIBA ya 2010 ilipozikabidhi serikali za kaunti huduma za maji na usafi, ilitarajiwa kwamba usimamizi ulio karibu na mwananchi ungemwondolea kiu. Kaunti zilianza kazi mnamo 2013. Hata hivyo, mkazi wa Likoni angali anamsubiri mchuuzi wa mkokoteni amletee mitungi ya lita 20, kwa bei inayozidi kwa mbali ile ya mfereji.

Kiini cha tatizo ni kuwa Mombasa ilikabidhiwa mifereji pasipo chemchemi. Maji ya Mzima hutoka Taita Taveta, ya Baricho hutoka Kilifi, nayo ya Marere na Tiwi hutoka Kwale. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi.

Aidha, vyanzo hivyo na mabomba makuu vimesalia mikononi mwa shirika la serikali kuu ambalo, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, huziuzia kampuni za kaunti maji kwa jumla. Kampuni ya kaunti, kwa hivyo, ni mwenye duka la rejareja tu. Mteja asipolipa, kampuni hushindwa kulilipa shirika, nalo shirika hulimbikiza deni la umeme. Zaidi ya mara moja, pampu za Baricho zimekatiwa stima kwa sababu hiyo, na hata waliolipa ankara zao wakakosa maji. Maji ya Mzima huteremka yenyewe bila pampu, lakini bomba lake ni la miaka ya 1950.

Si lawama zote zinazopasa kuelekezwa Nairobi. Kote nchini, zaidi ya lita 40 kati ya kila 100 zinazosambazwa hupotea au huibwa bila kulipiwa. Kuziba mianya hiyo kunamaanisha kuwakatia maji wenye nguvu, jambo ambalo gavana anayetafuta kura hulikwepa.

Kisha kuna majirani. Viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai fidia kwa maji ya Mzima, wakiuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini bomba lipite karibu na vijiji visivyo na tone. Mombasa haina mamlaka ya kuwaamuru. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, njia ambayo ingewafaa Wapwani kuliko kushtakiana kwa serikali kuu.

Nafasi ya kuijaribu ipo. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale linanuiwa kuhudumia kaunti hiyo pamoja na Mombasa. Mashauriano kuhusu bei na mgao yafaa kukamilishwa ukuta ungali unajengwa, kabla bomba halijafunguliwa na kila upande kuanza kudai haki yake.