Kidhibiti Kibovu Kibadilishwe

Mkaazi wa Shituru, komini ya mji wa Likasi, ambaye robine zake huvuja daima na mabomba yake hugonga usiku, saa ambazo majirani wamelala na shinikizo la njia kuu ya maji limepanda, hana budi kuacha israfu ya kununua robine mpya na kukikagua kidhibiti cha shinikizo. Kwani ndani yake mna kamani na kiwambo cha mpira, na kiwambo kikipasuka, au kiti cha vali kikiliwa na mchanga, nguvu yote ya njia kuu huingia nyumbani bila ya kizuizi. Kukaza skrubu ya kidhibiti kilichokufa ni kazi bure. Fundi hodari hufunga vali kuu, akamwaga maji yaliyosalia, akafunga kipya kwa kuufuata mshale wake (mshale huo si pambo), kisha akakirekebisha hata geji isome bari 3, yaani shinikizo la safu ya maji yenye kimo cha mita 30 hivi. Fundi asiye na geji, kwa rai yangu, asipewe kazi hiyo.